Msiruke Hapo

Ghala la chama, Kitangari, mwezi wa kumi na moja.
Gunia la mia mbili na sita limepanda mizani
na mshale unatetemeka
kama mtu mwenye neno la kweli mbele ya wakwe.

"Andika sitini," anasema Bwana Chitanda, macho kwenye simu.
Mshale unasema sitini na mbili.
Kilo mbili ni nini? Vumbi la korosho, pumzi ya gunia.
Lakini zidisha kwa magunia ya leo,
zidisha kwa msimu.
Mwenyewe yuko nje, Bi Fatu Nandule,
amekalia kandambili zake,
anangoja karatasi asiyoweza kuisoma.

Mlangoni mjomba wangu Nampembe anashona magunia.
Shazia mkononi, uzi wa katani midomoni,
ndiyo maana habari zake huja vipande vipande:
neno, mvuto, neno, fundo.
Kwake ndiko nilikompokea Mkulungwa Nachilongo.

Mwaka wa kiu, anasema, watu wa uwandani
walishuka bondeni usiku kufuata maji,
jua likawakuta katikati ya mteremko, mitungi kichwani.
Mkulungwa hakutuma mtu. Alishuka mwenyewe,
akapanda na kibuyu kimoja, cha udhu.
Alasiri akapita mgeni, mwanamke wa Kimakua,
mgongoni mtoto anayelia bila machozi.
Akampa kibuyu chote.
Kisha akapiga viganja kwenye udongo mwekundu,
akapaka uso, akapaka mikono, akasimama kuswali.
Mwalimu wa chuo akahoji: swala hiyo imetimia vipi,
na maji ulikuwa nayo?
"Maji yametangulia," akajibu. "Mimi ndiye ninayeyafuata."

Hapo wasikilizaji husema Mashaallah,
hukung'uta nguo, wanataka kwenda.
Mjomba hukaza uzi. "Kaeni. Haijaisha."

Maana Nachilongo huyo huyo,
miaka kabla ya kiu, aliuza mtoto.
Mtoto wa mdaiwa wake. Ndembo. Jino la mbele limeng'oka, jipya halijaota.
Alimtoa kwa gobori moja na doti ya kaniki
kwa msafara ulioteremka Mikindani.
Gobori lilipasuka mwaka wa pili.
Kaniki iliishia kuwa tambara la kushikia chungu.
Ndembo hakurudi.

Siku ya kufa kwake wakaja wasifuji,
wakaanza na kibuyu.
Akainua kidole, hicho tu kilichokuwa na nguvu:
"Anzeni na Ndembo.
Mkiwasimulia watoto wa dada zangu, msiruke hapo.
Sifa nusu ni pishi yenye kitako cha kupachika,
yaonekana imejaa, nyumba yalala njaa.
Mungu ananijua kwa hesabu nzima.
Nanyi nijueni hivyo hivyo,
mpate kujua pa kuniegemea na pa kunikwepa."

Tangu hapo kila anayemtaja humtaja hivyo,
kibuyu na gobori, mkono huu na huu.
Nilipokuwa mdogo nilichukia.
Nilitaka babu wa kuning'iniza ukutani.

"Binti, foleni ni ndefu," anasema Chitanda.
Kalamu yangu imesimama juu ya mstari.
Niseme nami, nisiruke:
msimu uliopita niliandika sitini mara tisa.
Sikulazimishwa kwa panga. Nilipewa soda na nauli.
Namba zote tisa nazikumbuka, huja usiku
kabla ya adhana ya alfajiri, zimepanga foleni.

Nikaandika sitini na mbili.
Chitanda akaweka simu mezani taratibu, uso chini.
Nikamwita Bi Fatu aingie,
nikamsomea karatasi yake kwa sauti, akacheka,
akaikunja kwenye pindo la khanga.

"Subiri," nikamwambia. Koo limekauka.
"Na mwaka jana, Bi Fatu, lile gunia lako la tatu..."

Mlangoni, shazia ikasimama.